Alinioa ili Afike Chumvini

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi hapa Eldoret, mji ambao wazee wetu bado wanauita Sisibo. Nafua na kupiga pasi nguo za watu. Siandiki haya ili mnihurumie. Huruma nimeshapewa nyingi na haijanisaidia kitu! Naandika kwa sababu nina hasira, na kwa sababu najua Jumapili hii kuna msichana atasimama kuimba kwaya, na kuna mwanamume atakaa benchi la nyuma akimtazama na kupiga hesabu zake.

Kwetu ni upande wa Elgeyo, pale mashamba ya Wazungu yanapoishia na nchi inaanza kuporomoka kwenda bondeni. Ukoo wetu haukuwa na mali ya kuringia. Tulikuwa na kitu kimoja tu... chumvini. Ni mahali ndani ya korongo, chini ya jabali, ambapo udongo una chumvi na ng'ombe hupelekwa kulamba. Ng'ombe asiyelamba chumvi anakonda, maziwa yanakauka, ndama anazaliwa dhaifu. Mnaofuga mnajua.

Chumvini hapakanyagwi na kila mtu. Wanaoruhusiwa ni watu wa ukoo na wakwe zao, basi. Na ukiwa pale huinui fimbo juu ya mtu, hata kama amekutukania mama. Damu ya mtu ikimwagika pale, chumvi imeharibika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Na binti akiolewa, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini moja kwa moja. Wanapelekwa chumvini kwanza, na mkwe mwenyewe ndiye anawaswaga. Wakilamba, baba ya msichana anachukua donge la udongo, analamba, anampa mkwe naye alambe. Kuanzia siku hiyo huyo ni mtu wa nyumbani, na hakuna wa kumfukuza. Shikeni hilo, maana ndilo lililotumaliza.

Ilikuwa kabla ya vita vya Hitler. Mzungu mmoja alipiga kempu huko chini mtoni, kwenye nchi ya mawe na miiba, mahali hakuna duka wala barabara. Alikuwa na kibali cha serikali cha kutafuta madini ya shaba na risasi, na zaidi almasi. Kutwa anagonga mawe, kwa hiyo watu walimwita Bwana Nyundo. Vibarua wake walishinda majini wakichekecha mchanga kwa karai. Walipata vijiwe vyekundu ambavyo alisema hutembea pamoja na almasi, na vipande vya jiwe la kijani, lile lenye shaba ndani.

Bwana Nyundo alijua mto umevitoa huko juu. Lakini juu wapi? Makorongo kwetu ni mengi! Alikuja kwa wazee na sukari na blanketi, akauliza. Wazee wakala sukari yake, wakamwonyesha makorongo mengine. Baba yangu mwenyewe alimzungusha milimani kutwa nzima mpaka viatu vya Mzungu vikafumuka. Nikikumbuka hapo nacheka hata leo. Naye D.C. alikuwa amemkataza kuchimba mahali ambapo wenyewe hawajamkaribisha, kwa kuogopa fujo. Kwa hiyo alikwama.

Mimi wakati huo nilikuwa hapa mjini, yaya katika nyumba ya Kaburu mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa, nimebatizwa, najua kusoma kidogo, na Jumapili naimba kwaya. Huko kanisani ndiko nilikokutana na Zakaria.

Alikuwa mtu wa Kavirondo, kule ziwani, mrefu, mcheshi, ana baiskeli na sauti ya besi iliyofanya wasichana wote wageuke. Aliniambia anafanya kazi ya reli kule Timboroa, ndiyo maana haonekani mjini kila wiki. Uongo mtupu! Alikuwa nyapara wa Bwana Nyundo. Lakini ningejuaje? Viatu vyake alikuwa anavisafisha kabla hajafika.

Zakaria alipenda sana kuniuliza habari za nyumbani. Ng'ombe wenu ni wengi? Mnawachunga wapi? Wanalamba chumvi wapi? Udongo wake ni wa rangi gani? Na mimi mjinga nikafurahi. Nikafikiri, huyu ni mwanamume wa maana, anajali ng'ombe, ataelewana na Baba. Rangi nilimwambia. Njia sikumwambia, maana hiyo hatuambii mtu.

Shangazi yangu Tabitha, ambaye alikuwa anauza uji karibu na soko, hakumpenda tangu siku ya kwanza. Aliniita kando akaniambia, "Huyu kijana hajakuuliza hata unapenda kula nini. Kila siku ni ng'ombe na udongo, ng'ombe na udongo. Anataka kukuoa wewe au anataka kuoa korongo?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ana wivu kwa sababu yeye ni mjane. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndiyo? Yangu yalivunjika yote mawili.

Posa ilikwenda haraka, na mahari ikaja haraka zaidi. Ng'ombe wanene, wa gredi ya Kizungu, matiti yanakaribia kugusa chini! Baba alishangaa, akamwuliza kijana wa reli amepata wapi ng'ombe kama hao. Zakaria akasema amesaidiwa na mjomba wake anayekaa Chepsaita. Baba akataka kuuliza zaidi, lakini kaka zangu walikuwa wameshaanza kugawana ndama kwa macho. Wakamwambia, Mzee, utamchosha mgeni na maswali. Akanyamaza.

Basi tukashuka chumvini. Zakaria mbele yetu, anaswaga ng'ombe, anapiga mbinja kama aliyezaliwa pale. Ng'ombe wakalamba. Baba akalamba udongo, akampa. Zakaria akalamba, akakohoa sana, akapiga magoti, akatoa leso akawa anajifuta mdomo huku mkono mwingine unapapasa chini. Wanawake walicheka mpaka machozi. Mtu wa Kavirondo hajazoea chumvi yetu! Na mimi nilicheka... Kumbe alikuwa anajaza vijiwe vya kijani ndani ya leso, mbele ya macho yetu sote.

Tulifunga ndoa kanisani, nikavaa gauni jeupe la kuazima. Tukapanga chumba hapa mjini. Alikuwa mume mzuri kwa muda mfupi sana. Kisha akaniaga kwamba anarudi Timboroa kazini, na mimi nikamfungia chakula cha safari na kumsindikiza mpaka stesheni. Nilimpungia mkono, jamani! Alishuka stesheni ya pili akarudi kwa Bwana wake.

Kaka yangu Kiprono ndiye aliyeniletea habari. Alikuja kwa miguu, hakutaka kukaa, hakutaka maji. Akasema tu, "Mume wako yuko chumvini. Na Mzungu." Nilimwambia amefananisha. Akanitazama kwa dharau ambayo sijaisahau.

Nilikwenda naye. Nilikuta vigingi vimesimamishwa pembe zote za korongo, na kwenye kila kigingi kipande cha bati chenye jina la Mzungu. Wazee wamesimama upande mmoja, askari upande mwingine. Na katikati, juu ya sanduku la vyombo, amekaa Zakaria wangu, amekunja nne, amevaa kofia ya Bwana Nyundo.

Ofisa wa serikali alikuwa anauliza nani amewakaribisha watu hawa. Zakaria akajibu bila aibu, "Mimi ni mkwe wa hapa. Muulizeni huyu mzee kama sikulamba naye." Ofisa akamgeukia Baba. Baba yangu angeweza kukana! Neno moja tu! Lakini mambo ya chumvini hayasemewi uongo. Akasema ni kweli, alilamba. Ofisa akafunga daftari lake, akapanda farasi akaenda.

Vijana wetu wakashika fimbo. Baba akanyoosha mikono akawazuia, akasema, hapa fimbo haiinuliwi. Walilia kwa hasira, wanaume wazima, lakini hawakuinua. Zakaria alijua hawatainua. Mimi ndiye niliyemsimulia desturi hiyo, tukiwa tumelala kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nilimfuata pembeni. Nilimwambia nina mimba yake. Nilifikiri hilo litamgusa. Akacheka, akaniambia maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema: "Unalia nini? Ng'ombe wale ni wa Bwana, si wangu. Bwana alitaka njia, mimi nikamtafutia. Wewe rudi mjini uzae."

Hivyo tu. Rudi mjini uzae!

Wasomaji, kuna mwanamke amewahi kuambiwa hivyo na mume wake wa ndoa? Niligeuka nikapanda kilima, nikarudi mjini.

Wakachimba. Walitia uzio wa waya, wakakata mitaro mirefu kupita pale pale ng'ombe walipokuwa wanalamba. Mvua ikanyesha, mitaro ikajaa maji ya kijani. Ng'ombe wana kiu ya chumvi, wananusa, wanavunja waya, wanakunywa. Walikufa huku wanaharisha damu. Hata wale wa mahari walikufa. Mama alikuwa akiniletea habari kila akija sokoni, na kila habari ilikuwa mbaya kuliko ile iliyotangulia.

Halafu ikaja ya Baba.

Mtamba wake aliyempenda alitumbukia mtaroni. Baba akashuka kumfunga kamba, asubuhi kweupe, watu wanaona. Ukingo ukaporomoka. Walipomtoa alikuwa ameshakufa, na mdomo wake umejaa udongo ule ule aliomlisha Zakaria... Ee Mungu! Na huyo aliyelishwa alikuwa amesimama juu anatazama, na hakushika jembe. Aliogopa kuchafua suruali.

Nilikwenda kuzika. Kaka zangu wakanizuia njiani. Kiprono akasema, "Wewe ndiye uliyemleta. Rudi." Nikawaambia mimi pia nimedanganywa. Nikawaambia wao ndio waliomnyamazisha Baba alipotaka kuuliza habari za ng'ombe. Hapo ndipo wakanisukuma. Sikuona kaburi la baba yangu siku ile, nilisikia tu watu wanalia kutoka ng'ambo ya kilima.

Na mnajua walipata nini baada ya yote hayo? Hakuna kitu! Shaba ilikuwa ukoko wa juu tu, ukichimba chini ni jiwe la bure. Almasi hata moja haikuonekana, ni vile vijiwe vyekundu basi. Bwana Nyundo akang'oa kempu, akaacha mitaro wazi. Habari zilikuwa zimefika kwamba kule Tanganyika almasi zinaokotwa, wakaondoka pamoja, yeye na nyapara wake. Zakaria hakupita hata kuaga.

Nilijifungua binti kwa Shangazi Tabitha, yule yule niliyemtukana mjane. Alinipokea, akanikanda kwa maji moto, hakunikumbusha hata mara moja. Binti nilimwita Rebeka. Huku nyuma, kaka zangu na wanawake wa boma walifukia mitaro kwa vikapu, na miaka ilipopita mvua ikasafisha korongo, ng'ombe wakaanza kulamba tena. Hayo niliyasikia kwa Mama. Mimi sikuitwa kubeba hata kikapu kimoja.

Vita viliisha. Rebeka alikuwa ameota meno ya pili. Siku moja mchana nanyoosha mashati ya watu, mlango ukatiwa giza. Nikainua macho... Zakaria! Amenenepa, ana saa ya mkononi, nje kuna Landrova na Mzungu mwingine, kijana, amechomwa na jua mpaka pua inabambuka.

Alikuwa na kitambaa cha gauni la mtoto na maneno matamu. Eti amenitafuta. Eti ujana. Nilimwacha aongee mpaka akafika kwenye shida yake. Mzungu huyu mpya alikuwa na mashine ya kutoboa mwamba chini kabisa, na aliamini shaba nyingi iko huko. Haki ya vigingi vya zamani ilikuwa imekwisha. Lazima wazee wakubali tena, na wazee wamemkana Zakaria, wanasema mkwe gani haonekani na mke wake wala mtoto?

Kwa hiyo alitaka twende sisi watatu. Nisimame pale mbele ya baraza niseme huyu ni mume wangu. Neno moja.

Nikamwambia aende zake. Ndipo sura ikabadilika. Akasema, "Sawa. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe wa mahari, na hilo wazee wako watalisema wenyewe. Ukinikana, namchukua leo leo nampeleka kwa mama yangu. Hutamwona tena." Rebeka alikuwa mlangoni, ameshika kile kitambaa kipya kifuani, anafurahi kwamba ana baba.

Nilipanda ile gari. Ndiyo, nilipanda! Mngefanya nini nyinyi? Njia nzima nilikuwa nimemkumbatia mtoto, nampima. Nikisema ndiyo, chumvini panatobolewa, ng'ombe wanakufa, na Baba alikufa bure. Nikisema hapana, Rebeka anakwenda. Nilimwomba Mungu Landrova ipinduke. Haikupinduka.

Baraza lilikuwa limekaa juu ya korongo. Chifu yuko, karani wa D.C. yuko, kaka zangu wako na hawanitazami. Msemaji alikuwa Baba Mkubwa, ndugu ya marehemu baba. Zakaria akasimama akanionyesha mimi na mtoto, akatoa hotuba nzuri kweli. Baba Mkubwa akanigeukia akauliza, "Binti yetu, huyu ni mume wako?"

Rebeka akanivuta kidole.

Nilifungua mdomo na sikujua nitasema nini. Kilichotoka ni hiki, "Baba Mkubwa, mbona hamjauliza ng'ombe walikuwa wa nani?"

Zakaria akaruka juu. Wangu! Jasho langu! Akaanza kuapa kwa Kiswahili na kwa Kikwao. Lakini mimi nilikuwa nimeshamgeukia yule Mzungu, nikamwuliza polepole, Bwana, huyu amekuambia ana haki gani hapa?

Maskini Mzungu, alifikiri namsaidia! Akajibu kwa fahari, kwa Kiswahili chao kile, "Haki iko. Bwana ya zamani nalipa ngombe yote, hii Zakaria naambia mimi. Ngombe ya mzungu, haki ya mzungu."

Jamani, mngeona baraza! Kwanza mzee mmoja akacheka, kisha wote, kisha kicheko kikakatika ghafla. Baba Mkubwa akatema mate chini. Akasema, "Anayeswaga ng'ombe wa mtu mwingine ni mchungaji. Mchungaji halambi chumvi ya watu. Hapa hakuna mkwe, na mtoto huyu ni wa boma hili." Karani akaandika kwamba wenyewe wamekataa. Mzungu akaanza kumfokea Zakaria kwa Kiingereza, na Zakaria akapanda Landrova bila kutazama nyuma, hata kwa mtoto.

Nilipiga vigelegele. Peke yangu! Nilikuwa nimeokoa chumvini na nimebaki na mwanangu, kwa neno moja. Nilifikiri kaka zangu watakuja kunishika mkono.

Kiprono akaja kweli. Akasema mtoto atahesabiwa nyumbani. Lakini mimi, akasema, sasa nimejitangaza mwenyewe mbele ya watu wote. Kama Zakaria hakuoa, basi mimi sikuolewa, na mwanamke aliyezaa bila kuolewa hajengewi nyumba katika boma la kaka zake. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilirudi mjini kwa miguu, nimemshika Rebeka mkono.

Kanisani nako habari zilitangulia. Mzee wa kanisa akaniita, akaniambia nimemkana mume niliyepewa na Mungu, na mpaka nirudiane naye sitakaribia Meza ya Bwana. Nikamweleza habari za ng'ombe. Akasema Mungu hahesabu ng'ombe. Miaka kadhaa baadaye akaja fundi seremala, mtu mpole, amefiwa na mke, Rebeka anampenda. Alitaka tufunge ndoa. Wakamwambia huyu ana mume. Alisubiri, akasubiri, akachoka, na siku ya harusi yake na mwingine, mimi ndiye niliyepiga pasi shati lake.

Ndiyo hali yangu, wasomaji. Kanisani mimi ni mke wa mtu. Nyumbani sijawahi kuolewa. Na aliyenifanyia hivyo anatembea mjini hapa hapa, nimemwona, anamsalimia kila mtu! Zakaria, kama unasoma, usifikiri nimekusamehe. Ukinipita barabarani pita mbali.

Wazazi, nawasihi. Mahari ikija haraka, msitazame unono wake. Ulizeni imetoka zizi la nani, na mkinyamazishwa, ulizeni tena. Baba yangu aliona haya kuuliza mara ya pili.

Na wewe binti, mwanamume akikuuliza habari za kwenu kabla hajakuuliza habari zako, inuka ukatafute kazi ya kufanya. Usimpe hata chai. Mimi nilimpa chai Zakaria siku ile ya kwanza aliponiuliza, na nikamwongezea sukari.